DeBoer Anashindana na Sanamu

Ukihamia Alabama, kabla mtu hajakuuliza unatoka nchi gani, atakuuliza wewe ni wa Alabama au wa Auburn. Nilipoulizwa mara ya kwanza nilidhani naulizwa ninapoishi, nikajibu "Birmingham". Mama wa dukani alicheka mpaka akashika kaunta. Lakini mimi nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo baba ni Yanga na mama ni Simba, kwa hiyo sikuchelewa kuelewa. Jimbo hili halina hata timu moja ya ligi kuu ya kulipwa ya mpira wa Marekani, ule wa helmeti na mabega ya bandia. Roho za watu ziko kwenye timu za vyuo hivyo viwili. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama pale Tuscaloosa, Bryant-Denny, unachukua watu laki moja na ushee, na mji wenyewe una wakazi kama laki moja hivyo hivyo. Anayefunga ndoa Jumamosi ya Oktoba bila kuangalia ratiba, asilaumu mtu viti vikibaki vitupu.

Sasa ni miaka miwili watu hawa wana ugomvi mmoja tu: kocha Nick Saban aliyestaafu Alabama na Kalen DeBoer aliyemrithi. Kazini, kinyozi, kwenye foleni ya benki, ni huo huo. Mimi nimeusikiliza vya kutosha, na leo nasema langu.

Kwa msomaji ambaye mpira huu haujui: Saban alifika Januari 2007 akitokea timu ya kulipwa ya Miami Dolphins, akakaa misimu 17, akachukua ubingwa wa taifa mara 6. 2009, 2011, 2012, 2015, 2017, 2020. Januari 10, 2024 akatangaza anastaafu. Siku mbili baadaye chuo kikamtangaza DeBoer, ambaye wiki ile ile alikuwa amepoteza fainali ya taifa akiwa na Chuo Kikuu cha Washington, 34-13 mbele ya Michigan. Hajapoa hata na kipigo, anakabidhiwa funguo.

Na funguo zenyewe za nyumba gani! Nje ya uwanja sanamu ya Saban imesimama tangu 2011, akiwa bado kazini. Septemba 2024, DeBoer akiwa mechi ya pili tu pale, uwanja wa kuchezea ukapewa rasmi jina la Saban. Maana yake kila Jumamosi ya nyumbani DeBoer anafanya kazi juu ya nyasi zenye jina la mtu anayelinganishwa naye. Mwenyewe Saban siku hizi yuko kwenye televisheni, anachambua mechi asubuhi hiyo hiyo. Nyie mlioangalia Moyes akihangaika Old Trafford mwaka 2013 huku kamera inamtafuta Ferguson jukwaani, picha mnaipata.

Kuna mzee mmoja nafanya naye kazi ghala moja. Mimi namwita Mzee tu, na yeye amelizoea jina. Ana kofia ya mirabaraba nyeusi na nyeupe, aina aliyokuwa anavaa kocha wa zamani wa Alabama, Bear Bryant, enzi zake, na anaivaa siku za mechi tu. Gereji yake ndiyo ukumbi wetu. Gari linatolewa nje, televisheni inawekwa juu ya sanduku la vifaa, na kwa kuwa mimi nguruwe situmii, mkewe ananiandalia kuku wa kuchoma aliyechovywa kwenye mchuzi mweupe wa mayonezi na siki. Mchuzi huo ukiuona mara ya kwanza unadhani wamekosea. Ukishauonja utaulizia kama umebaki.

Oktoba 5, 2024 tulikuwa hapo. Wiki moja kabla, Alabama walikuwa wameifunga Georgia 41-34 katika mechi ambayo mimi nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Waliongoza 28-0, wakafikiwa, wakapitwa, halafu kijana wa miaka 17, Ryan Williams, akadaka mpira, akazunguka kama pia na kukimbia nao mpaka mwisho, yadi 75. Ushindi ule uliwapandisha mpaka namba moja kwa ubora nchi nzima. Kisha wakaenda Nashville kucheza na Vanderbilt, timu ambayo kwa mashabiki wa hapa jina lake lilikuwa sawa na mapumziko. Wakafungwa 40-35. Mashabiki wa Vanderbilt waling'oa nguzo za goli, wakazibeba mitaani na kwenda kuzitupa mtoni.

Mzee hakupiga kelele. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akasema, "Mara ya mwisho walitufunga 1984. Nilikuwepo uwanjani."

Huo mwaka 1984 una habari yake. Bryant aliondoka mwisho wa 1982 akiwa na ubingwa 6 wa taifa pale Alabama, na hazikupita wiki tano akafariki. Aliyemrithi, Ray Perkins, alikuwa mchezaji wake mwenyewe. Perkins akabadilisha mfumo wa kushambulia, akauondoa na ule mnara ambao Bryant alikuwa anapanda kuangalia mazoezi. Watu walimsamehe mengi, mnara hawakumsamehe. Msimu wa 1984 alimaliza 5-6, yaani alishinda mechi 5 akapoteza 6, na kati ya waliomfunga ni Vanderbilt. Baada yake akaja Bill Curry, na mwaka 1988 baada ya kufungwa nyumbani na Mississippi mtu akarusha tofali likapasua dirisha la ofisi yake. Kwa hiyo DeBoer akisikia watu wanamsema, ashukuru wanatumia mdomo.

Sasa nije kwenye hoja zenyewe.

Wanaomtetea DeBoer wana hesabu moja wanayoipenda sana, na mwanzoni iliniteka na mimi. Saban misimu yake miwili ya kwanza, 2007 na 2008, uwanjani alishinda 19 akapoteza 8. DeBoer miwili yake ya kwanza, 2024 na 2025, ameshinda 20 akapoteza 8. Ukimwambia hivyo shabiki mlalamishi ananyamaza sekunde kumi. Wanaongeza na kachumbari: Novemba 2007 Saban alifungwa nyumbani 21-14 na Louisiana-Monroe, kachuo ambako wengi hawajui kako wapi, na kwenye mkutano na waandishi akajikuta anataja Pearl Harbor na Septemba 11. Timu hiyo hiyo ilipokuja Tuscaloosa Septemba 2025, DeBoer aliipiga 73-0.

Hesabu ni ya kweli, lakini inadanganya. Saban alikuta nyumba imeoza. Kati ya Bryant na yeye Alabama walipitisha makocha kibao, ubingwa wa taifa ukapatikana mara moja tu, 1992, chini ya Gene Stallings. Mmoja kati ya makocha hao, Mike Price, alifukuzwa kabla hajasimamia hata mechi moja. Saban akaanza na 7-6, mwaka wa pili 12-2, mwaka wa tatu hakufungwa na mtu. Ilikuwa inapanda. DeBoer hakukuta nyumba imeoza, alikuta jumba lenye taa zinawaka, timu iliyotoka nusu fainali ya taifa. Huwezi kumpima aliyejenga na aliyerithi kwa futi moja halafu ukasema wamelingana.

Hoja ya pili ni ya pesa, na hii ina uzito zaidi. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na sura zao, na kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine kumekuwa kama dirisha la usajili huko kwetu, bila hata ada ya uhamisho. Saban alipotangaza kustaafu tu, beki wake bora, Caleb Downs, akahamia Ohio State, na msimu ule ule akachukua ubingwa wa taifa huko. Zamani mchezaji wa namna hiyo anakaa, anasubiri, anakua. Saban mwenyewe miezi miwili baada ya kustaafu alikwenda mji mkuu, Washington, kwa maseneta kulalamika kwamba mchezo aliouzoea umekwisha. Na kumbuka misimu yake 3 ya mwisho hakuchukua ubingwa. Aliondoka mlango ukiwa umeanza kumbana vidole, na aliondoka kwa akili.

Ila mlango huo uko wazi kwa kila mtu. Indiana, chuo kilichojulikana kwa mpira wa kikapu na kwa kufungwa kwenye huu wa helmeti, kimepita humo humo kikatokea juu. Kwa hiyo kisingizio hicho kinambeba DeBoer nusu ya safari, halafu kinamshusha.

Wanaompinga nao wananichosha. Kumbukumbu zao zimefuliwa na kupigwa pasi. Ukiwasikiliza utadhani Saban hakuwahi kukosea. Mwaka 2013 dhidi ya Auburn, sekunde 1 imebaki, matokeo 28-28, ni Saban huyo huyo aliyeamua mpira upigwe golini kutoka yadi 57. Ukapungua nguvu, jamaa wa Auburn akaudaka huko nyuma, akaukimbiza uwanja mzima na mchezo ukaishia hapo, 34-28. Nenda kawatajie kina Auburn wa kazini kwetu, watakuonyesha video bila kuombwa. Angefanya DeBoer kitu kile leo, angeamkia Dakota Kusini kwao.

Wanasahau pia kwamba DeBoer ameifunga Georgia mara mbili katika msimu wa kawaida, ya pili huko huko kwao Athens Septemba 2025, 24-21, mahali ambapo wenyeji walikuwa wameshinda mechi 33 mfululizo. Mtu asiyejua kazi hafanyi hivyo.

Basi tatizo ni nini? Kwangu liko kwenye namba moja ambayo sisikii watu wakiitaja. Baada ya aibu ile ya Louisiana-Monroe, Saban alicheza na timu zisizokuwemo kwenye orodha ya 25 bora na kuzifunga mara 100 mfululizo. Mia moja. Mpaka Oktoba 2021 Texas A&M walipokata uzi ule kwa 41-38. Miaka karibu 14 shabiki wa Alabama anaingia kwenye mechi ya timu ndogo akiwa na uhakika kama wa jua kutoka. Anaweza kwenda kukata majani nje, akarudi, akakuta 35-0.

Hicho ndicho shabiki alichokipoteza, na DeBoer hajakirudisha. Vanderbilt ilikuwa nje ya orodha. Oklahoma iliyowachapa 24-3 Novemba 2024 ilikuwa nje ya orodha, na kipigo hicho ndicho kilichowatoa kwenye mtoano wa timu 12. Agosti 2025 wakaenda kufungwa 31-17 na Florida State, waliokuwa wameshinda mechi 2 tu msimu mzima uliotangulia. Zote hizo ni ugenini. Timu yake inapanda mlima halafu inajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba. Georgia wanamfahamu kama simba, Vanderbilt wakamfahamu kama paka. Na ugonjwa huo hauponi kwa kununua wachezaji, maana wachezaji ni wale wale waliofunga Georgia siku 7 kabla. Ni kazi ya kocha kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kuwafanya vijana wa miaka 19 waamini kwamba mechi ya kichovu nayo ni mechi. Saban alilifanya hilo kwa ukali ambao nadhani mimi nisingeumudu hata wiki. Kuna wakati alikuwa anawafokea watu timu ikiwa mbele kwa pointi 40.

DeBoer si mtu wa kufoka. Anasimama pembeni ametulia kama mwalimu anayesimamia mtihani. Timu ikishinda wanasema ana busara, ikifungwa wanasema hana uchungu. Uso ni ule ule.

Mimi ningembakiza. Najua kuna watakaonuna, na wa kwanza ni Mzee. Lakini mtu aliyepata 67-3 kwenye chuo kidogo cha Sioux Falls, kisha 25-3 Washington, hajui kushinda kwa bahati. Ila ningempa sharti moja, na lisihusu ubingwa: msimu ujao asifungwe na timu ambayo hakupaswa kufungwa nayo. Nirudishie raha ya kukata majani.

Januari 1, 2026 tulikuwa tena kwenye gereji, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa, hita ndogo ya umeme katikati ya miguu yetu. Alabama walikuwa wametoka nyuma 17-0 huko Oklahoma na kushinda 34-24 kwenye mtoano, kwa hiyo hata walalamishi walikuwa wamelegea kidogo. Mechi ilikuwa Rose Bowl, Pasadena, dhidi ya hao Indiana. Kufika robo ya tatu mke wa Mzee aliacha kuleta chakula, akaanza kukusanya sahani. Iliisha 38-3. Jirani mmoja aliyekuja kuangalia na sisi akawa amesimama tayari mlangoni, anasema kwa sauti kwamba Saban asingekubali jambo hili, Saban asingekubali.

Mzee alikuwa bado anatazama skrini, pale kocha wa Indiana, Curt Cignetti, alipokuwa anapeana mikono na watu. Cignetti alikuwa kwenye benchi la kwanza kabisa la makocha wa Saban pale Alabama, 2007, mwaka ule wa Louisiana-Monroe, akiwafundisha wadakaji.

"Unamwona yule?" Mzee akamwambia jirani. "Saban ndiye aliyetufunga leo."

Akazima televisheni, akaniuliza kama nitamsaidia kurudisha gari ndani.