Kitabu kinene cha Linux: nani anakihitaji, na kwa sura zipi

Mtu anayeamua kujifunza Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwa kina hukutana mapema na swali gumu: anunue kitabu kinene cha mwongozo, chenye kurasa mia tano, elfu moja au zaidi, au ajifunze kidogo kidogo kwa video, makala za bure na kurasa za msaada zilizomo ndani ya mfumo wenyewe? Swali hilo lina uzito wa fedha, kwa kuwa vitabu vya aina hiyo ni ghali, lakini uzito wake mkubwa ni wa muda. Kitabu cha kurasa elfu moja kilichoandikwa kwa Kiingereza, kikisomwa na mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, kinaweza kumchukua miezi mingi, na kama hakikuchaguliwa vizuri hakuna atakayemrudishia miezi hiyo.

Hoja za wanaopinga vitabu vinene si za kupuuzwa, na iliyo nzito kuliko zote ni kwamba Linux hubadilika upesi kuliko vitabu vinavyochapishwa. Ubuntu, mojawapo ya aina nyingi za Linux, hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, hutoa toleo la muda mrefu linalopewa masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Kati ya mwaka 2014 na 2015, aina tatu kubwa za Linux, Red Hat, Debian na Ubuntu, zote zilihamia systemd, yaani programu ambayo kerneli, kiini cha mfumo, huianzisha kabla ya nyingine zote na ambayo husimamia huduma zinazofuata. Sura nzima za vitabu vilivyotangulia, zilizofundisha kwa uangalifu namna ya kuandika hati za kuanzisha huduma ndani ya folda ya /etc/init.d, zikabaki kuwa historia. Upande wa mtandao mambo ni hayo hayo. Vitabu vya zamani vinavyofundisha Ubuntu humwelekeza msomaji ahariri faili la /etc/network/interfaces, ilhali tangu toleo la 17.10 kazi ya kupanga mtandao imekabidhiwa programu iitwayo Netplan, yenye mafaili yake yenyewe. Mwanafunzi anayefuata kitabu hicho neno kwa neno kwenye seva iliyowekewa Ubuntu ya karibuni atahariri faili ambalo mfumo wake hauliangalii kabisa. Anwani ya IP haitabadilika, na kuhariri kwenyewe hakutampa onyo lolote.

Hali ni mbaya zaidi kitabu kikifungamana na aina moja ya Linux. Desemba 2020, kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, toleo la Linux ya bure iliyojengwa kwa kuifuata Linux ya Red Hat, ambayo watumiaji walitarajia idumu hadi mwaka 2029, ingefikia mwisho wake mwishoni mwa 2021. Aliyekuwa amenunua mwongozo mnono wa CentOS alilazimika kuhamia Rocky Linux au AlmaLinux, na kwa bahati njema hizo zilijengwa kwa kuifuata Red Hat ile ile, kwa hiyo sehemu kubwa ya kitabu chake iliendelea kufaa. Si kila mabadiliko huwa ya huruma kiasi hicho.

Wapinzani hao huongeza kwamba maelezo sahihi kuliko yote yamo ndani ya kompyuta yenyewe. Ni kweli. Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imefuata mwenendo wake, imekuwa na kitabu rasmi cha amri zake tangu mwaka 1971, na hadi leo mtu akiandika man na jina la amri kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hupata maelezo ya toleo lile lile alilo nalo, bila intaneti wala kifurushi cha data. Hata hivyo, kurasa hizo zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari anachokitafuta. Zinaeleza kila chaguo la amri moja, lakini hazimwambii mgeni kwamba amri hiyo ndiyo inayomfaa, wala hazimwonyeshi jinsi amri kumi zinavyotegemea wazo moja. Video na majibu ya programu za akili mnemba zina upungufu unaofanana na huo: hujibu swali lililoulizwa, na anayeanza mara nyingi hajui swali lenyewe ni lipi.

Hapa ndipo kitabu kizuri kinapostahili bei yake, na mfano mmoja unatosha kuonyesha kwa nini. Diski ya seva ya ofisi imejaa. Msimamizi anatafuta mafaili makubwa, anakuta faili la logi, yaani la kumbukumbu za matukio ya programu, la gigabaiti arobaini, analifuta kwa amri ya rm, kisha anaendesha df ili aone nafasi iliyopatikana, na diski bado imejaa vile vile. Faili halionekani tena kwenye folda, lakini gigabaiti zake hazijarudi. Mwongozo mfupi ulimwambia kwamba rm hufuta faili, na hapo ndipo ulipoishia. Kitabu cha kina kingekuwa kimemweleza kwamba katika Linux jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili: jina huelekeza tu kwenye rekodi iitwayo inode, ambayo ndiyo inayojua data iko wapi kwenye diski. Amri ya rm huondoa jina. Kerneli huiachia nafasi pale tu ambapo hakuna jina lolote lililobaki na hakuna programu inayoendelea kulishikilia faili likiwa wazi. Programu iliyokuwa ikiandika logi bado inalishikilia. Amri ya lsof, inayoorodhesha mafaili yaliyo wazi na programu zinazoyashikilia, itaitaja, na programu hiyo ikianzishwa upya nafasi inarudi papo hapo.

Kwenye mtandao msimamizi huyo pengine angeshauriwa kuizima na kuiwasha seva, na tatizo lingeondoka, lakini asingejua lilitoka wapi. Anayeielewa inode anapata zaidi ya jibu la siku hiyo. Anaelewa kwa nini faili moja linaweza kuwa na majina mawili, na kwa nini mtu asiye na ruhusa ya kuandika ndani ya faili anaweza kulifuta: kufuta ni kubadilisha folda, na ruhusa inayoangaliwa ni ya folda. Kanuni hizi zilikuwamo katika Unix tangu miaka ya 1970. Hazikuguswa na systemd wala Netplan.

Kwa maoni yangu, basi, mnunuzi anapaswa kupima ni kiasi gani cha kitabu kimetengewa mambo ya namna hii: mafaili na ruhusa, jinsi programu inavyozaliwa na kufa, jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyogawanywa, na jinsi ya kuandika hati za amri. Unene peke yake hauonyeshi kina. Vipo vitabu vya kurasa mia nane ambavyo robo yake ni picha za hatua za kusakinisha mfumo, robo nyingine ni maelezo ya programu za ofisi, na zilizobaki zimegawanywa kwa seva ya wavuti, barua pepe na hifadhidata, sura moja moja, kila moja ikiwa fupi kuliko nyaraka za bure za programu husika. Picha hizo ndizo huchakaa mwanzo. Njia ya haraka ya kuvitambua ni kufungua faharasa na kutafuta neno inode: likiwa na ukurasa mmoja tu, au halimo kabisa, kitabu hicho kimenenepeshwa na mambo mengine.

Historia ya Linux yenyewe inaunga mkono upande huu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alisoma kitabu cha Andrew Tanenbaum kilichotoka mwaka 1987, ambacho kilieleza mfumo mdogo uitwao Minix na kuchapisha maelfu ya mistari ya msimbo wake, kisha Agosti 1991 akatangaza mfumo wake mwenyewe. Wawili hao walipobishana hadharani mwaka 1992 kuhusu muundo wa kerneli, Torvalds alikuwa anaujua vizuri muundo alioukataa. Vivyo hivyo, kitabu cha Michael Kerrisk cha mwaka 2010 kwa waandika programu wa Linux, chenye kurasa zaidi ya 1,500, bado kinatumika, kwa sababu Torvalds amesisitiza miaka yote kwamba kerneli mpya isiziharibu programu zilizokuwa zikifanya kazi.

Wapo, hata hivyo, ambao ningewashauri wasinunue. Anayetaka kompyuta ya kuandikia barua na kuvinjari intaneti hahitaji kurasa elfu moja. Anayejiandaa kwa mtihani wa Red Hat, ambao hufanywa kwa vitendo mbele ya mashine, anahitaji kitabu cha toleo lile lile linalotahiniwa, hata kama ni chembamba. Na asiye na fedha hana haja ya kunakili kazi ya mtu kwa wizi: kitabu cha William Shotts kuhusu amri za Linux hutolewa bure kwenye mtandao na mwandishi mwenyewe, na kina cha kutosha kwa mwaka wa kwanza wa kujifunza.

Aliyepata toleo la zamani kwa bei nafuu anaweza kulichukua bila hofu, mradi ajue mipaka yake. Asome sura za mafaili, ruhusa na michakato, yaani programu zinazoendeshwa, kama zilivyo, huku kompyuta ikiwa wazi mbele yake. Zile za kuwasha mfumo na za mtandao aziache, azisome kwenye nyaraka rasmi za mfumo alio nao. Ili ajue ana toleo gani, aandike cat /etc/os-release kwenye terminali, alinganishe namba atakayoiona na ile iliyotajwa kwenye dibaji ya kitabu.