Umeme wa Rufiji nao uivishe maharage

Wiki iliyopita mtaani kwetu iligawiwa mitungi ya gesi, ile midogo ya kilo 6. Kina mama walishangilia, na nawaelewa. Mimi nilirudi nyumbani nina hasira. Gesi ile inatokana na visima vya mafuta na gesi, inaletwa na meli, inanunuliwa kwa dola. Kuujaza mtungi ni zaidi ya shilingi 20,000. Jirani yangu alipewa wake mwaka jana. Sasa uko uvunguni, na yeye anapikia mkaa wa kupimiwa kwenye kopo.

Haya, gesi ni afadhali kuliko mkaa. Lakini hatukujenga Bwawa la Nyerere, la kuzalisha umeme kwenye mto Rufiji, ili tuendelee kusubiri meli. Mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115! Mkakati wa serikali unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Tukiifikia kwa mitungi, jiko la mama litategemea bei ya soko la dunia. Mei 2022, vita vya Ukraine vilipopamba moto, petroli ilivuka shilingi 3,000 Dar es Salaam mpaka serikali ikatoa ruzuku ya bilioni 100. Maji ya Rufiji hayapandi bei kwa sababu ya vita vya watu.

Watu wanaogopa kwamba umeme unakula uniti. Lile jiko la koili kweli linakula. Jiko la presha la umeme ni jambo jingine kabisa: unatia maharage makavu, maji, chumvi, unafunga, unaendelea na kazi zako. Yanaiva ndani ya saa moja na hayamalizi uniti moja. Kwa mteja wa D1, yaani daraja la bei nafuu la watumiaji wadogo wa nyumbani, hiyo haifiki shilingi 100. Kopo la mkaa ni bei gani kwenu?

Sasa kinachoniuma ni hiki: D1 inaishia uniti 75 kwa mwezi. Familia ikipikia umeme asubuhi na jioni inavuka, na kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Aliyeacha mkaa ndiye anayeadhibiwa. Ongezeni kiwango hicho, hata mara mbili, kabla ya kununua mtungi mwingine wa kugawa.

Ndiyo, umeme unakatika, na ukame wa 2022 ulituletea mgao. Basi miradi ya umeme wa jua wa Kishapu, Shinyanga, na wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, wa Ngozi, Mbeya, iharakishwe.

Na kuna nyumba za kupanga, ambako wengi wetu tunaishi. Vyumba sita, mita moja, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya kuchangishana. Ukionekana na jiko la umeme, kesho yake kikao uani. Wapangaji hawana kosa, kwa kuwa hakuna anayejua nani katumia ngapi. Kila chumba kipate mita yake, kwa mkopo unaokatwa kidogo kidogo kwenye LUKU. Fedha za mitungi zingeanzia hapo.