Ukipanda Treni ya Ffestiniog, Usishukie Katikati

Kaskazini mwa Wales, kwenye bandari ndogo ya Porthmadog, kuna treni ya mvuke inayopanda milima kwa kilomita zipatazo 22 hadi mji wa Blaenau Ffestiniog. Wengi wanaokata tiketi yake wanafuata mandhari: msitu wa mialoni, bonde la kijani, kondoo wametapakaa mlimani. Wakifika stesheni ya Tan-y-Bwlch, zaidi kidogo ya nusu ya njia, wapo wanaoshuka, wakanywa chai, wakazungukazunguka msituni, kisha wakarudi na treni inayoteremka. Ukiwauliza mbona hawakuendelea, watakwambia huko juu hakuna cha kuona, ni vifusi vitupu.

Hapo ndipo mimi na wao tunapoachana. Hivyo vifusi ndivyo vilivyoizaa hii reli. Anayeshukia msituni ameona mapambo tu.

Blaenau ni mji wa sleti, lile jiwe la rangi ya kijivu linalopasuliwa kwa patasi likatoka vipande vyembamba vya kuezekea mapaa. Katika karne ya 19 sleti ya Wales iliezeka nyumba, viwanda na makanisa sehemu nyingi za dunia. Shida ilikuwa usafiri. Jiwe liko juu mlimani, meli ziko chini baharini. Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kujenga reli mwaka 1832, na njia ikafunguliwa 1836, ikiwa na upana wa milimita 597 tu baina ya chuma na chuma, pungufu ya hatua moja ya mtu mzima.

Wakati huo haikuwa na injini hata moja. Mhandisi James Spooner aliipima njia ili iteremke taratibu, karibu mfululizo, kutoka machimboni hadi bandarini. Mabehewa yaliyojaa mawe yalifunguliwa breki yakashuka kwa uzito wake yenyewe, huku wanaume wa breki wakiwa juu yake, wakikaza na kulegeza kila penye kona. Farasi nao walishuka wakiwa abiria, wamesimama katika behewa lao wakila majani, kwa sababu kazi yao ilikuwa kuyavuta mabehewa matupu kurudi juu.

Sasa kumbuka hilo ukiwa dirishani. Kila kona inayokufanya utoe simu upige picha ilikatwa kwa sababu ya hesabu ya mteremko. Njia inajikunja ubavuni mwa mlima, inaingia kila kijibonde na kutoka, inapita juu ya kuta ndefu za mawe yaliyopangwa, yote hayo ili mwinuko usizidi kiasi ambacho farasi angeweza kuumudu akipanda na breki ikaweza kuuzuia mzigo ukishuka. Uzuri wa safari ulipatikana kwa bahati, wakati watu wakishughulika na jambo jingine kabisa. Mimi nikilijua hilo naliangalia bonde kwa hamu zaidi.

Mvuke ulikuja 1863. Wataalamu wengi wa enzi hizo waliona reli nyembamba kiasi hicho haiwezi kubeba injini ya maana. Kampuni ikaagiza injini ndogo kutoka kwa mtengenezaji George England wa London, na mojawapo, Prince, ya mwaka huo huo wa 1863, ipo mpaka leo na imeendelea kuvuta abiria. Lakini iliyotikisa dunia ya reli ni Little Wonder ya 1869, iliyojengwa kwa mtindo wa mhandisi Robert Fairlie: boila mbili, yaani matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke, zimeunganishwa mgongo kwa mgongo, bomba la moshi huku na bomba la moshi kule, na magurudumu yote yakifanya kazi ya kuvuta. Mwaka 1870 wahandisi walisafiri kutoka mbali, Urusi ikiwemo, kuja kushuhudia majaribio yake katika pembe hii ya Wales yenye mvua.

Ukitaka kuelewa kwa nini nasema mandhari ni nusu ya safari, isogelee injini ya Fairlie inapokuwa stesheni. Haina mbele wala nyuma. Chumba cha dereva kiko katikati, na tanuri limekipita katikati, kwa hiyo dereva anasimama upande mmoja na mtia makaa upande wa pili, chuma chenye moto kimewatenganisha. Makaa yanaingizwa kwa ubavu, si kwa nyuma kama injini nyingine, na nafasi ya kuzungusha koleo ni finyu. Mtia makaa anajifunza kutupa kwa kifundo cha mkono badala ya bega. Tan-y-Bwlch kuna tangi la maji, na hapo mtu mmoja hupanda juu ya injini, akavuta mpira wa maji na kuuelekeza kwenye tundu, huku mwenzake yuko chini na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, akigusa kila kiungo kwa nyuma ya mkono kuona kama kimepata joto kupita kiasi. Hakuna kioo cha kompyuta cha kumwambia. Abiria wengi wakati huo wako kwenye foleni ya keki.

Kuhusu keki sina ugomvi, ila foleni ile inaweza kusubiri.

Kuna jambo jingine ambalo safari ya nusu njia inakuficha, nalo ndilo linalonifanya niwe mkali kidogo. Reli hii ilikufa. Abiria walikoma 1939 vita vilipoanza, na mizigo ya sleti ikakoma 1946. Sheria iliyoianzisha haikuweka utaratibu wowote wa kuifunga, basi ikaachwa tu kama ilivyo, injini bandani, mabehewa relini, michongoma ikaota katikati ya mataruma. Huko huko Wales, kusini zaidi ya hapa, mwaka 1951, watu wa kujitolea waliichukua reli ya Talyllyn na kuiendesha wenyewe, jambo ambalo halijawahi kufanyika popote kabla ya hapo. Ffestiniog wakafuata. Mfanyabiashara Alan Pegler alipata umiliki wa kampuni 1954, na Julai 1955 treni ya kwanza ikavuka Cob, lile tuta refu lililomalizwa 1811 kuizuia bahari pale Porthmadog. Umbali haukufika hata kilomita mbili. Wakafika Tan-y-Bwlch 1958.

Wangeweza kuishia hapo. Msitu upo, chai ipo, wateja wapo. Zaidi ya hayo, huko juu mamlaka ya umeme ilikuwa inajenga bwawa la kuzalishia umeme chini ya kijiji cha Tanygrisiau, na kipande cha reli kikaenda na maji. Kampuni ikaingia mahakamani kudai fidia, kesi ikaburuzwa hadi miaka ya 1970. Wakati mawakili wanavutana, watu wa kujitolea walianza mwaka 1965 kuchimba njia mpya ya kuzunguka bwawa, wikendi kwa wikendi, kwa sululu, koleo na baruti. Walimu, wanafunzi, makarani, wafanyakazi wa ofisini ambao Jumatatu walirudi kazini na malengelenge viganjani. Kwa handaki jipya iliwabidi waajiri wachimba migodi kutoka Cornwall, lakini sehemu kubwa ya tuta na makato ni jasho la wasiolipwa.

Unataka kuona matokeo? Kaa mpaka stesheni ya Dduallt. Kwa vile njia mpya ilipaswa kuwa juu zaidi ya ile iliyozama, walihitaji kupata kimo upesi bila kuongeza mwinuko, basi wakaizungusha reli duara zima, ikajipita yenyewe juu kwa daraja. Ukichungulia dirishani utaiona chini yako reli uliyotoka kuikanyaga dakika chache zilizopita. Kisha linatokea bwawa, na maji yakipungua kipande cha njia ya zamani huonekana kikielekea majini. Tanygrisiau ilifikiwa 1978 na Blaenau 1982, miaka 27 baada ya ile safari fupi ya Cob. Anayeshukia katikati anayakosa yote haya, kisha anakwenda kusimulia kwamba ameipanda reli ya Ffestiniog.

Na Blaenau penyewe? Sitakudanganya, si pazuri kwa kipimo cha kadi ya posta. Milima ya mawe yaliyotupwa imeinamia nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha inang'aa rangi ya zambarau na kijivu, na mvua hunyesha. Hifadhi ya Taifa ya Eryri, ambayo kwa Kiingereza ilizoeleka kama Snowdonia, ilipotangazwa 1951, mpaka wake ulipita kandokando ya Blaenau pande zote na kuuacha mji nje, tundu katikati ya ramani. Waliochora waliona vifusi ni aibu. Miaka 70 baadaye, Julai 2021, UNESCO iliorodhesha mandhari ya sleti ya kaskazini magharibi mwa Wales kuwa Urithi wa Dunia, reli ya Ffestiniog ikiwa ndani yake pamoja na machimbo. Yaani kile kilichokatwa kwenye ramani kwa kuonekana kibaya ndicho kilichokuja kupewa heshima. Naona waliochora ule mpaka na wale abiria wanaoshuka Tan-y-Bwlch wanatazama kwa jicho lile lile.

Vile vifusi vina watu ndani yake. Sehemu kubwa ya jiwe lililochimbwa halikufaa kuezekea, likatupwa, na kila mkokoteni uliotupwa ulisukumwa na mtu. Vumbi la sleti liliharibu mapafu ya wachimbaji wengi, na hilo halina picha kwenye mabango ya utalii.

Najua swali linalokuja: makaa ya mawe, karne hii? Ni swali la haki. Reli zenyewe zinalijua vizuri kuliko sisi. Ffestiniog miaka ya 1970 iligeuza injini zichome mafuta, sababu mojawapo ikiwa cheche zilizokuwa zikiwasha moto msituni, na mafuta yalipopanda bei ikarudi kwenye makaa. Novemba 2023 mgodi wa makaa wa Ffos-y-frân karibu na Merthyr Tydfil, kusini mwa Wales, ulifungwa, nao ulikuwa tegemeo la reli nyingi za namna hii nchini Uingereza. Tangu hapo wengi wanatumia makaa ya kuagiza nje au matofali ya makaa yaliyochanganywa na kukandamizwa kiwandani. Moshi ni moshi, sitauremba. Lakini nikilinganisha injini chache zinazopanda mlima mmoja kwa msimu na ndege zinazowaleta watalii wale wale, najua ni wapi ningeanza kubana. Na nisingependa kuona zinageuzwa za umeme halafu zinapigiwa sauti ya mvuke kwenye spika. Bora zisimame makumbusho.

Ushauri wangu ni wa vitendo. Panda Porthmadog, ukae behewa la karibu na injini, kwa sababu kwenda juu ndiko kwenye kazi. Kurudi mteremko unafanya mengi na injini inanyamaza. Upande wa kulia unapopanda ndiko bonde liliko kwa sehemu kubwa ya njia. Usivae nyeupe. Ukifungua dirisha, chembe za masizi zitaingia, na jichoni zinauma. Siku za maonyesho huwa wanateremsha mabehewa ya sleti kwa mtindo wa zamani, bila injini, watu wa breki wakiwa juu. Ratiba yako ikikutana na siku hiyo, achana na mipango mingine.

Mwenye muda alale Porthmadog, kesho yake ajaribu reli ya pili inayoanzia stesheni hiyo hiyo, Welsh Highland, ya kilomita kama 40 kwenda Caernarfon. Huko zinavuta injini za Garratt, aina ya injini kubwa za mvuke, zilizowahi kufanya kazi Natal, Afrika Kusini, mojawapo ikiwa namba 143 ya mwaka 1958, Garratt ya mwisho kujengwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Zimefika Uingereza zimezeeka, na bado ni kubwa mno kwa reli nyembamba hivyo hata unajiuliza zinakaaje wima.

Lakini Blaenau kwanza. Treni haikai sana pale. Wengi hubaki vitini wakingoja injini izungushwe upande wa pili. Shuka, iache iondoke, utembee mjini mpaka chini ya vifusi, urudi na inayofuata. Treni ya reli pana ya kutoka Llandudno Junction inaishia stesheni hiyo hiyo, kwa hiyo mtu anaweza hata kuanzia Blaenau na kuteremka kuelekea baharini, kama mawe yalivyofanya. Ila kwa njia hiyo utaikosa injini ikipanda, kwa hiyo mimi bado nasema kata ya kwenda na kurudi.