Sikumpiga risasi mama mkwe

Kama voisi ya yule rafiki yangu wa boda imeshakufikia, nisahihishe jambo moja: sikumpiga risasi mama mkwe. Ilikuwa kokwa ya parachichi. Na haikumgusa. Iligusa ungo.

Bunduki nimeichonga mwenyewe, hapa hapa Bweyale, Uganda, kwa sababu ya tumbili. Mwenye shamba la mahindi ananielewa. Asiye nalo aendelee kula gonja lake, ndizi yake ya kuchoma, kwa amani. Mbao ya mkaratusi, mipira ya tyubu ya baiskeli, triga ya msumari wa inchi nne, springi ya kalamu. Ukivuta triga, jino linashuka, mpira unachomoka, kokwa inaruka. Nikaipaka rangi nyeusi ipendeze. (Ndiyo, nimeshaambiwa kuhusu rangi.)

Juzi usiku mvua ikanyesha, nami niliiacha nje. Asubuhi tumbili hao. Nikalenga dume moja, nikavuta. Kimya. Nikavuta kwa vidole viwili. Kimya. Dume likanitazama, likaendelea kumenya hindi langu taratibu kama limelilipia.

Mbao ilikuwa imevimba, jino limebanwa. Mwenye akili angesubiri jua. Mimi nikachukua tupa. Nikalikwangua jino, nikapiga msasa, nikajaribu, bado. Nikakwangua tena mpaka likateleza kama sabuni. Nikavuta mpira, nikaweka kokwa, nikailaza juu ya stuli ili ninywe chai kwanza. Jua likatoka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo voisi inapodanganya.

Mama mkwe yuko mkekani, anachagua maharage. Ana siku tatu tu kwetu, bado namsalimia nikiwa nimeinamisha macho. Mtutu unamtazama. Mbao inakauka. Lile jino nililolikwangua likiwa limevimba sasa linasinyaa, halina tena pa kushika. Nikasikia "ta". Kadogo tu, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Kisha pwaa! Ungo ukapaa. Nakumbuka maharage yakiwa hewani, mekundu, yametulia kabisa, kama yanashauriana yashuke au yabaki huko huko. Mama alikuwa ameshalala kifudifudi, mikono kichwani. Ni mtu wa Gulu, kule kaskazini kulikopiganwa na waasi wa LRA. Miaka ile ya vita iliwafundisha wenyewe. Na kutoka pale chini, uso kwenye mkeka, akapaza sauti:

"Baba Zawadi, lala chini!"

Ananiokoa mimi.

Na mimi niko wapi? Mimi fundi, ninayejua kwamba ndani mna kokwa, nilikuwa nimeshafika nyuma ya choo. Kikombe mkononi. Chai haikumwagika hata tone. (Hili voisi haikulisema. Nimejichongea mwenyewe tena.)

Mengine ni mafupi. Majirani, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), afande mmoja. Afande akaivuta, mpira ukamchapa kidole, akaamuru niivunje mbele yake. Nimeivunja. Mama Zawadi amepikia kuni za bunduki hiyo maharage yale yale, nikayala kimya.

Leo alfajiri nikasikia mlango unagongwa, kwa heshima zote.

"Baba Zawadi, tumbili wako shambani," akasema mama mkwe. "Njia ya chooni nimeshaifagia."