Kura 482 za Mbowe

Januari 2025 Tundu Lissu alimng'oa Freeman Mbowe kwenye uenyekiti wa CHADEMA, chama kikuu cha upinzani Tanzania, kwa kura 513 dhidi ya 482. Tofauti ni kura 31, watu wa kujaza Coaster moja ya Nzega. Wangegeuka wajumbe 16 tu, mwenyekiti angebaki yule yule. Nazing'ang'ania hesabu hizi kwa sababu yaliyofuata yanasimuliwa kana kwamba chama kizima kilihamia upande mmoja usiku ule, na kila aliyebaki upande wa pili alikuwa amelamba asali, yaani amehongwa. (Sisi wa Tabora, wenye asali yetu, msemo huo ulituchekesha kidogo.)

Tuwape waliomng'oa haki yao. Mbowe alikuwa kitini tangu 2004. Alipotoka mahabusu Machi 2022 aliingia kwenye maridhiano na serikali, wanachama wakasubiri matunda. Walichokiona ni uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ambako wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla hata ya kupigiwa kura. Mtu aliyeambiwa avumilie, akavumilia, kisha jina lake likakatwa mtaani kwake, ana kila sababu ya kutaka kiongozi mkali zaidi. Kumpinga kiongozi wako kwa sanduku la kura si uasi.

Shida yangu inaanza baada ya kuhesabu. Msimamo wa chama wa kutoshiriki uchaguzi mkuu wa 2025 bila mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi ulipokazwa, kundi lililojulikana kama G55, la watia nia waliotaka kushiriki huku wakiendelea kudai mabadiliko, lilijibiwa mitandaoni kwa tuhuma za kununuliwa kuliko kwa hoja. Mei 2025 akina Salum Mwalimu na Benson Kigaila, waliokuwa viongozi wa CHADEMA, wakahamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani. Basi, ikawa: mnaona, tuliwaambia!

Hapa Tabora huwezi kuligusa jambo hili bila kukumbushwa 1958. Vijiwe vya kahawa vya Gongoni vinaijua habari yenyewe: Januari mwaka ule mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania uhuru, ulikaa mjini hapa kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walikuja wakitaka kususa. Nyerere, aliyeonekana laini, akawashawishi washiriki, na TANU pamoja na wagombea iliowaunga mkono wakazoa viti vyote. Wazee wetu huitaja kama hukumu ya mwisho: mtu wa katikati ndiye mwenye busara. Siichukui hivyo. Gavana Turnbull wa Waingereza, aliyeingia mwaka ule ule, alikuwa tayari kuzungumza na TANU. Mwaka 2025 hali haikuwa hiyo.

Ninachokichukua ni habari ya Zuberi Mtemvu. Yeye ndiye alikuwa mkali ndani ya TANU, akazidiwa, akaondoka na kuunda African National Congress (si kile cha Afrika Kusini). Mwaka 1962 akasimama dhidi ya Nyerere kugombea urais, akaambulia chini ya asilimia 2. Kumbe hata mkali akizidiwa huondoka. Kuondoka peke yake hakuthibitishi kwamba mtu kahongwa.

Tena sheria yetu yenyewe inamsukuma nje aliyezidiwa. Ibara ya 67 ya Katiba haimruhusu mtu kugombea ubunge bila chama, na ya 71 inamvua kiti akiacha uanachama. Marekani adhabu ni kali pia: kati ya wabunge 10 wa Republican waliopiga kura ya kumshtaki Trump Januari 2021, wanne waliangushwa kwenye kura za mchujo za 2022, wanne hawakugombea tena, wawili tu wakabaki. Lakini kule mlango wa pembeni upo. Lisa Murkowski wa Alaska alishindwa kwenye mchujo wa chama chake mwaka 2010, akarudi Seneti baada ya wapiga kura kuliandika jina lake kwa mkono kwenye karatasi. Kwetu aliyeshindwa ndani ana njia mbili: anyamaze, au achukue kadi ya chama kingine. Na kadi hiyo ndiyo inayogeuzwa ushahidi wa usaliti wake.

Wenye msimamo mkali wana karata moja nzito, nami siifichi. Kwenye uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo, mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na matokeo rasmi yakampa mgombea wa CCM, chama tawala, karibu asilimia 98. Waliokwenda kushiriki kupitia CHAUMMA hawakuvuna cha kutamba nacho. Huenda wakali waliisoma hali vizuri kuliko wenzao. Ila mtu anaweza kuisoma hali vibaya bila kulipwa na yeyote.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilishasema Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Hukumu ile ingetekelezwa, baadhi ya wale 482 wangeweza kusimama majimboni kwao kwa majina yao, bila kuazima bendera ya mtu, nasi tungebishana nao juu ya walichosema badala ya bahasha tunayodhani walipewa.