AC au Mlima: Chagua Moja

Jirani yangu Baba Neema kaniharibia jioni. Nimempa lifti, tena ya bure, hata ile ya "changia mafuta kidogo" sikuisema. Tumetoka Ubungo, tunaanza kupanda kuelekea Kimara, gari likasita. Likakohoa, likashtuka, likasita tena, na daladala ya nyuma yetu ikatupigia honi ya matusi. Baba Neema akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kaka, kumbe na namba E, hizi za magari yaliyosajiliwa juzijuzi, huwa zinachoka?"

Sikumjibu. Mwenye gari hajibizani na mwenye lifti. Nikazima AC kimyakimya, gari likapata uhai, tukapanda. Tukafika kwetu tumelowa kama tumetoka kubatizwa.

Gari ni jipya. Msiniletee habari za mwaka wa kutengenezwa. Huku kwetu gari huzaliwa siku linaposhuka melini. Lililoyafanya huko Japani kabla ya hapo ni siri yake na Wajapani wake. Ni kweli, bandarini nimelipia uchakavu, asilimia 30, kwa sababu limevuka miaka 10, na ushuru wa forodha asilimia 25, na VAT asilimia 18 ikaja kukaa juu ya wenzake wote. Karatasi zinasema chakavu, mtaa unasema jipya. Mimi naishi mtaani.

Lenyewe halijakubali kwamba limehama. Nikiwasha tu, dada wa ndani ya dashibodi ananidai kwa Kijapani, kwa adabu zote, kadi ya kulipia barabara za kwao. Nadaiwa tozo ya Tokyo nikiwa foleni ya Mbezi! Redio nayo inaishia FM 90, kwa hiyo taarifa ya habari huwa naisikiliza kwenye gari la jirani mataa yakiwa mekundu.

Hayo nimeyazoea. Lisilozoeleka ni hili la AC. Ukiizima, gari linakwenda kama watu. Ukiiwasha, linaanza kutafakari. Unakanyaga mafuta, linatafakari, halafu linaruka ghafla wakati umeshakata tamaa. Ukisimama kwenye mataa sailensa, yaani ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inashuka, usukani unatetemeka, na ile hewa yenyewe iliyosababisha yote haya inatoka vuguvugu! Ingekuwa baridi ningesema sawa, nimepoteza nguvu nimepata ubaridi. Nimekosa vyote.

Na vioo sifungui. Kufungua vioo mwezi Machi, jua la nyuzi 33, ni kuutangazia umma wa Dar es Salaam kwamba AC yako ni pambo. Navifunga, nakaza tai, naangalia mbele kama mkurugenzi, jasho linatiririka mgongoni. Muuza karanga akigonga kioo namkatalia kwa kidole. Anadhani naringa. Sina nguvu ya kusema tu.

Jumamosi nikalipeleka gereji moja ya Sinza, chini ya mwembe. Fundi mkuu akalitazama kwa mbali, mswaki mdomoni, akasema, "Bosi, hiyo plagi."

"Hujafungua boneti, fundi."

"Nimeisikia ilivyoingia."

Plagi zikanunuliwa. Injini yenyewe ni ya cc 996, silinda tatu, niliichagua kwa makusudi kwa sababu chini ya cc 1000 ule ushuru wa ukubwa wa injini ni sifuri. Kwa hiyo plagi ni tatu, nashukuru Mungu. Zikafungwa. Nikawasha AC, gari likatetemeka vilevile, ila sasa likiwa na plagi mpya.

Akaja fundi umeme, hakuitwa na mtu. "Nani kasema plagi? Hii koili."

Fundi mkuu akasema koili ni nzima. Fundi umeme akasema wewe ni fundi makenika, zungumzia nati. Wakaanza kuulizana nani alimfundisha nani kazi, na kumbe wote walifundishwa na mzee mmoja ambaye siku hizi anauza kuku. Nikawaomba turudi kwenye gari. Wakaniangalia wote wawili kwa mshangao, kama mgeni aliyeingilia mambo ya familia.

Hapo ndipo fundi AC aliponivuta pembeni na chupa lake la gesi. "Mzee, hao wanakupotezea muda. Gari yako gesi imeisha. Kompresa inajikaza bure, ndiyo maana injini inalemewa."

Nikamwuliza kwa upole, "Inaishaje? Ule mfumo si umefungwa? Gesi si inazunguka humohumo? Ikipungua si ina maana inavuja mahali, inabidi kwanza tutafute inapovujia?"

Kimya. Hata kipanga aliyekuwa juu ya mwembe alinyamaza.

"Mzee, ufundi umesomea wapi?"

"Sijasomea."

"Basi."

Akajaza gesi. Kwa dakika chache ikaja baridi, baridi ya kweli, nikafumba macho, nikamkumbuka marehemu bibi yangu. Baridi ikazidi, na injini ikazimika.

Ikabidi aitwe kijana wa mashine ya kusoma hitilafu. Huyu ana tisheti safi na hashiki nati. Alipochomeka waya wake chini ya usukani mafundi wote walinyamaza, mikono nyuma. Akasogeza sogeza kidole, akatamka: "P0171. Mchanganyiko mwepesi. Injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta."

Hewa nyingi! Ndugu zangu, injini ina hewa nyingi! Sisi huku ndani tunakufa kwa kukosa hewa, kumbe yote imekaa kule mbele inakula peke yake!

"Ndiyo nilichosema mimi," alisema fundi mkuu.

Hakusema. Alisema plagi.

Ikatolewa eakilina, ile filta ya hewa ya injini, ikapulizwa. Sensa ya hewa ikapuliziwa dawa. Throto ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Kijana mmoja akafungua nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, akachomoa filta ya AC, na humo ndani mlikuwa na majani makavu, mengi, mekundu, ya miti ambayo Sinza haijawahi kuota. Ndiyo niliyokuwa napumua. Nikasema tupeni hiyo, wekeni nyingine. Fundi AC akaikung'uta kwenye goti, akairudisha. "Hii orijino, bosi. Ukiitoa hutapata tena kama hii."

Kisha fundi mkuu akachukua funguo akasema anakwenda kulijaribu. Aliondoka kabla ya adhuhuri. Adhana ya alasiri ndiyo iliyomrudisha, na kwenye siti ya nyuma alikuwepo mama mmoja, mkungu wa ndizi, na godoro lililokunjwa likiwa limetoa kichwa dirishani.

"Nimeipima na mzigo, bosi. Inavuta vizuri sana."

"Na AC uliwasha?"

"AC sikuwasha. Mafuta yalikuwa yanakaribia kuisha."

Yule mama akanishukuru kwa lifti.

Wakaniandikia hesabu kwenye kipande cha boksi la oili. Nikawasha gari, nikaona angalau jambo moja limebadilika: ile taa ya cheki injini imezimika. Nikafurahi. Nikamwambia fundi, hapa kweli mmefanya kazi, haiwaki tena.

"Haiwezi kuwaka bosi. Tumeibandika selotepu nyeusi kwa ndani."

Sasa mimi nauliza, na sitanii: nimeomba nini cha ajabu? Sikuomba gari lipae. Nimeomba mlima mmoja na baridi kidogo kwa wakati mmoja, vitu ambavyo gari hilihili lilikuwa linavifanya huko lilikotoka, maana siamini kwamba Mjapani alikuwa anashuka kulisukuma. Hela nimetoa. Kodi nimelipa. Kila mtu anayeligusa anaondoka na elfu kadhaa yangu na mimi naondoka na jasho langu.

Na ushauri sasa! Kijana wa sheli anasema ni mafuta ya sheli nyingine. Muosha magari anasema ni pampu. Trafiki aliyenisimamisha kwa jambo jingine kabisa aliusikiliza mngurumo akasema nozo, halafu akaniandikia elfu thelathini. Kwenye grupu la ukoo mjomba wa Tabora, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, ameandika "HIYO NI GASKIT" kwa herufi kubwa, na watu wamemwekea dole gumba. Mke wangu naye kaweka.

Huyohuyo mke wangu ndiye amenipa taarifa leo, wakati najifuta jasho la Kimara, kwamba Jumapili gari lina kazi. Kuna kitchen party ya mtoto wa dada yake, Mbagala. Nikasema si nimeshatoa mchango? Akasema ule ulikuwa wa harusi. Wa send-off je? Huo bado, kadi iko kwenye kabati. Yaani binti anaolewa mmoja, kadi nimepewa tatu, na sare ya kitenge ya mke wangu nimekatwa humohumo, rangi ya zambarau ambayo ameshaniambia hataivaa tena maisha yake yote.

Nikamwuliza wanakwenda wangapi. Akasema wanne, wote wamesuka, wamepaka, na wamesikia kwamba shemeji ana gari jipya, kwa hiyo wameshamwambia yule wa bajaji asije. Vioo visifunguliwe, nywele zitavurugika. Na keki wataipakata wao, ya ghorofa tatu, ina krimu.

Huko Mbagala kote nimeshapitisha akili, hakuna mlima wa kutisha. Wale wanawake wanne nao watavumilia, ni watu wazima. Hiyo keki ndiyo sijui nitaiambia nini.