Dola 100,000 kwa mtaalamu mmoja

Ijumaa ya Septemba 19, 2025, Rais Donald Trump alitia saini tangazo linalomtaka mwajiri wa Marekani alipe dola 100,000 kwa ombi jipya la visa ya H-1B, ile inayotumiwa kuajiri wataalamu kutoka nje. Tangazo lilianza kutumika Jumapili, dakika moja baada ya saa sita usiku. Waziri wa Biashara, Howard Lutnick, aliwaambia waandishi kwamba ada hiyo ingelipwa kila mwaka. Kampuni kama Microsoft, Amazon na JPMorgan ziliwaonya wafanyakazi wao wenye visa hiyo wasitoke nchini, na waliokuwa nje warudi haraka. Uwanja wa ndege wa San Francisco kuna abiria walioshuka kwenye ndege iliyokuwa inajiandaa kuruka. Jumamosi, Ikulu ya Marekani ikatoa ufafanuzi: ada ni ya mara moja, na wenye visa tayari haiwahusu.

Serikali kubana uhamiaji ni jambo linaloweza kutetewa, na nitalitetea kwa sehemu. Kubadili maisha ya watu na mipango ya maabara kwa notisi ya siku mbili ni jambo jingine kabisa.

Visa ya H-1B ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990. Kila mwaka zinatolewa mpya 85,000, zikiwemo 20,000 za watu wenye shahada ya uzamili au zaidi kutoka vyuo vya Marekani. Waombaji wakizidi, kama ilivyo desturi kwa miaka mingi sasa, hupigwa bahati nasibu. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti zisizo za faida haziingii kwenye ukomo huo, na ndiyo maana maabara nyingi za Marekani zimeweza kuajiri wageni bila kusubiri bahati.

Wanaoipinga visa hii wana malalamiko ya kweli, na wanaodhani ni chuki dhidi ya wageni tu hawajayasikiliza. Mwaka 2015 ilifahamika kwamba kampuni ya Disney huko Orlando iliwaachisha kazi wafanyakazi wa TEHAMA wapatao 250, na baadhi yao walitakiwa kwanza kuwafundisha kazi watu waliokuja kuchukua nafasi zao, walioletwa na kampuni za wakala kwa visa hizohizo. Mtu ametumikia kampuni kwa miaka, halafu anaambiwa akae kando ya mgeni amwelekeze mfumo mzima, vinginevyo malipo yake ya kuachishwa yatakuwa mashakani. Sheria inasema mgeni alipwe mshahara unaolingana na soko, lakini viwango vya chini vya mishahara hiyo viliwekwa chini kiasi cha kumfanya mgeni awe nafuu. Tena visa inamfunga mgeni kwa mwajiri: akifukuzwa, ana siku 60 tu za kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka. Mfanyakazi wa namna hiyo hadai nyongeza. Anayeumia ni mzawa na mgeni pia.

Hata kwenye sayansi yenyewe, ushahidi hauelekei upande mmoja. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika, mamia ya wanahisabati wake walihamia Marekani. Wachumi George Borjas na Kirk Doran walifuatilia kilichotokea, na utafiti wao wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba Wamarekani waliokuwa kwenye matawi yaleyale ya hisabati walianza kuchapisha kidogo zaidi, na wengine wakajikuta kwenye vyuo vya hadhi ya chini. Sababu haikuwa uvivu. Nafasi za uprofesa na kurasa za majarida hazikuongezeka, waombaji ndio walioongezeka.

Linganisha na Ujerumani. Aprili 7, 1933, serikali ya Hitler ilipitisha sheria ya utumishi wa umma iliyowafukuza Wayahudi vyuoni. Chuo Kikuu cha Göttingen, kilichokuwa kitovu cha fizikia na hisabati duniani, kilimpoteza Max Born. James Franck, mwenye tuzo ya Nobel, alijiuzulu kupinga. Hans Krebs alikimbilia Uingereza, na miaka minne baadaye akiwa Sheffield akaeleza mzunguko wa kikemia ambao seli hutumia kutoa nguvu kwenye chakula, ule unaofundishwa hadi leo kwa jina lake. Kwa waliofika Marekani, Petra Moser na wenzake walichambua hataza za kemia, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, na kukuta kwamba, katika matawi ya wahamiaji hao, ugunduzi wa Wamarekani wenyewe uliongezeka kwa asilimia 31.

Kwa nini wanahisabati wa Kisovyeti waliwabana wenyeji, na wanakemia wa Kijerumani wakawainua? Jibu langu ni kwamba inategemea mgeni anakuta nini. Akikuta viti vilevile, atagombania kiti. Wanakemia waliingia kwenye matawi ambayo Wamarekani walikuwa bado wachache, wakawavuta vijana wengi wa huko kuyafanyia kazi. Kwa hiyo sera ya uhamiaji haiwezi kupimwa peke yake bila kuangalia sera ya fedha za utafiti. Ukipunguza fedha za sayansi, unageuza kila mgeni kuwa mshindani wa mzawa, kisha unamlaumu mgeni.

Ndiyo kasoro ya ile ada. Haitofautishi wakala anayeleta waandika programu wa bei rahisi na maabara inayotafuta mtu mmoja anayejua kitu kimoja. Mtafiti aliyetoka kumaliza PhD, kwa viwango vya taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH, analipwa dola 62,000 hivi kwa mwaka wa kwanza. Chuo kilichosamehewa ukomo wa visa hakikusamehewa ada hii, kwa hiyo kumleta mtafiti wa namna hiyo kutoka nje kunagharimu zaidi ya mshahara wake wa mwaka mzima. Chama cha madaktari cha nchi hiyo, AMA, kiliomba madaktari wasamehewe, kwa kuwa hospitali nyingi za vijijini huko zinategemea madaktari waliosomea nje. Na kwa vile ada inamgusa hasa aliye nje ya nchi, aliyekwisha kuingia kama mwanafunzi amenusurika, wakati daktari wa Kampala au Nairobi anayeomba kutokea nyumbani ndiye anayekumbana nayo.

Ilikuwapo njia bora zaidi, na serikali hiyohiyo imeitumia. Desemba 2025 ilitoa kanuni ya kubadili bahati nasibu ili waombaji wanaolipwa zaidi wapate nafasi kubwa ya kuchaguliwa. Kanuni hiyo inagusa lalamiko la Disney mahali penyewe: ukitaka mgeni, mlipe vizuri. Ina madhara yake, maana kijana anayeanza kazi hulipwa kidogo hata kama ana kipaji, lakini angalau ilipita kwenye utaratibu wa kukusanya maoni, na watu walijua inakuja.

Kuhusu uchumi nitasema kwa ufupi. Mwaka 2004 ukomo wa visa ulishuka kutoka 195,000 hadi 65,000. Mchumi Britta Glennon alikuta kwamba kampuni za kimataifa hazikuacha kuajiri wataalamu wale, ziliwaajiri kwenye matawi yao ya Kanada, India na China. Kazi ilihama pamoja na kodi yake. Mwaka 2025 wengine hawakungoja: Umoja wa Ulaya ulitenga yuro milioni 500 kuvutia wanasayansi, na China ikafungua visa ya K kwa vijana wa sayansi na teknolojia kuanzia Oktoba 1.

Upande wa fedha za sayansi nako kulikuwa na hoja iliyoharibiwa na papara. Februari 7, 2025, NIH ilitangaza kwamba gharama za uendeshaji katika ruzuku zake hazitazidi asilimia 15, wakati baadhi ya vyuo vilikuwa vinalipwa zaidi ya asilimia 60. Hizi ni gharama za umeme, majokofu ya kutunza sampuli, wahasibu na kamati za maadili. Serikali ilihoji kwa nini mlipa kodi alipe kiasi hicho wakati Taasisi ya Gates huvilipa vyuo asilimia 10. Ni swali halali. Ila taasisi binafsi hulipa kidogo kwa sababu jengo na umeme vimekwisha kubebwa na ruzuku ya serikali. Viwango vingeweza kujadiliwa na kushushwa kwa miaka mitatu, minne. Badala yake vilitangazwa Ijumaa vianze Jumatatu, hata kwa ruzuku zilizokwisha kutolewa, na mahakama ikazuia.

Kwetu Afrika Mashariki hakukuwa na mahakama ya kukimbilia. Januari 2025 misaada ya nje ya Marekani ilisimamishwa, na Julai 1 shirika la USAID likafungwa rasmi. Mradi wa BRILLIANT wa kutafuta chanjo ya VVU, ulioongozwa na Afrika Kusini na kushirikisha wanasayansi wa nchi nane, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuwa na ahadi ya zaidi ya dola milioni 45 kutoka USAID. Jaribio la kwanza lilikuwa karibu kuanza amri ilipofika. Mei mwaka huohuo NIH ikazuia mtindo wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku na kuipitishia sehemu taasisi ya nje, ikisema haiwezi kufuatilia fedha hizo vizuri. Huo ndio mtindo ulioendesha sehemu kubwa ya utafiti wa malaria, kifua kikuu na VVU katika ukanda wetu. Kisha Desemba 2025 Tanzania ikaongezwa kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya visa, za wanafunzi zikiwemo, kwa hoja ya watu kukaa Marekani kupita muda wa visa zao, kuanzia Januari 1, 2026. Burundi ilikuwamo tangu Juni. Kijana mwenye barua ya udahili na ufadhili kamili anajibia kosa la mtu asiyemjua.

Mmarekani akiuliza kwa nini kodi yake ilipe chanjo inayojaribiwa Afrika, sitamkasirikia. Anaweza kujibiwa kwamba virusi havina pasipoti, lakini ni haki yake kuuliza, na ni haki ya serikali yake kuamua. Nisichokubali ni kukatisha katikati kazi ambayo watu walikwisha kuaminishwa.

Wala sisi hatuko mbali na tabia hiyo. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya shughuli 15, kuanzia uwakala wa fedha kwa simu na ufundi simu hadi kuongoza watalii. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu, na malalamiko yao ni ya ukoo mmoja na yale ya Orlando. Kenya ikajibu kwamba amri inakiuka itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya, inayotumika tangu 2010. Wengi walioilaani ada ya Trump hawakuona tatizo lolote hapa.

Fedha ndipo tunapojiumiza zaidi. Sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 inaelekeza asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na lengo hilo halijafikiwa. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi asilimia 1. Juni, mawaziri wa fedha watakaposimama Dodoma na Nairobi kusoma bajeti, waulizwe mambo mawili: ni kiasi gani cha kifungu cha utafiti kinatoka hazina badala ya kwa wahisani, na kati ya kile kilichopitishwa mwaka uliotangulia, ni kiasi gani kilifika kweli kwenye maabara.